Desemba 9 Kando ya Kreta

Gari likishapita geti la Lodoare na kupanda msitu mpaka ukingo wa kreta ya Ngorongoro, linakuta kaburi la mawe yaliyopangwa kwa umbo la piramidi. Amezikwa hapo Michael Grzimek, Mjerumani aliyefariki Januari 10, 1959 akiwa na umri wa miaka 24, baada ya ndege yake ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia kugongana na tumbusi angani. Yeye na baba yake, Bernhard, walikuwa wakihesabu wanyama wa Serengeti. Filamu yao ilipata tuzo ya Oscar mwaka uliofuata, na Bernhard alipofariki mwaka 1987 majivu yake yaliletwa kuzikwa kando ya mwanawe. Waongoza watalii husimama hapo dakika chache, wageni hupiga picha, kisha safari ya kushuka kreta huendelea.

Mwaka huo wa 1959 ulikuwa na mengi. Aprili ya mwaka uliotangulia, wazee 12 wa Kimaasai walikuwa wametia saini hati ya Waingereza ya kukubali kuiachia Hifadhi ya Serengeti malisho yao, pamoja na maji na mawe makubwa ya Moru ambako michoro ya morani bado inaonekana mwambani. Mwaka 1959 likaundwa Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, mahali ambapo mfugaji na mnyamapori wangeishi pamoja, nao waliotoka Serengeti wakahesabiwa humo. Julai 17, Mary Leakey akaokota fuvu la Zinjanthropus katika bonde la Olduvai. Agosti, Gavana Richard Turnbull akawaambia viongozi wa Wamaasai kwamba endapo masilahi ya wanyama na ya watu wanaoishi Ngorongoro yatagongana, ya watu yatatangulia. Oktoba, Julius Nyerere akasimama mbele ya Baraza la Kutunga Sheria akazungumzia kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Kilimanjaro.

Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha mwenge huo na bendera mpya hadi kileleni. Turnbull yuleyule aliyetoa ahadi kwa Wamaasai ndiye aliyekuwa Gavana siku bendera ya Uingereza inashushwa Dar es Salaam. Miezi mitatu kabla, Septemba 1961, Nyerere alikuwa ametoa Azimio la Arusha la wanyamapori, akiahidi dunia kwamba Tanganyika huru itawatunza wanyama hao kama amana. Ahadi zote mbili zilikuwa njema. Tatizo ni kwamba ziliahidiwa juu ya ardhi moja.

Mwandishi wa makala haya amekulia Karatu, mji ambao kila asubuhi hupitiwa na msururu wa Land Cruiser zinazoelekea kreta. Baba yake alikuwa dereva wa watalii. Ada ya shule, mabati ya nyumba na sare za watoto vilitokana na mshahara wake na tipu za wageni waliokwenda kutazama simba na faru. Upande wa mama ni Wairaqw wa Rhotia, wakulima wa mahindi, maharage na mbaazi. Kwa hiyo Desemba 9 nyumbani kwao ilikuwa sikukuu isiyo na maswali: chai ya maziwa, wali, na redio mezani.

Swali lilikuja sikukuu moja katikati ya miaka ya 1990, na lilikuja na mgeni.

Bibi mmoja wa Kimaasai kutoka upande wa Endulen alikuwa amefikia nyumba ya jirani, ameletwa mjini kutibiwa mguu. Asubuhi ya sikukuu mama alimkaribisha. Alikuja akitembelea fimbo, kibuyu cha maziwa begani, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango ili auanike ule mguu kwenye jua. Babu wa Rhotia naye alikuwepo, amevaa koti lake la kanisani. Redio ya Taifa ilikuwa inatangaza gwaride moja kwa moja kutoka Uwanja wa Taifa. Wimbo wa Taifa ulipopigwa, babu alisimama, kofia mkononi. Bibi alibaki amekaa, akiukanda mguu wake.

Wimbo ulipokwisha, bibi aliuliza kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Mzee, hili shamba la Rhotia mlilipata lini?"

"Mwaka 56, mama. Kulikuwa pori tu."

"Halikuwa pori. Shemeji zangu walikuwa wanalisha hapo."

Babu aliinamisha kichwa kidogo, akamwambia mjukuu, "Mwongezee bibi yako chai." Kisha akaanza kueleza yalivyokuwa kwao. Serikali ya Waingereza iliendesha mpango wa maendeleo Mbulu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940: ng'ombe walihesabiwa, waliozidi idadi waliyoitaka wakubwa walipunguzwa kwa amri, vichaka vya mbung'o vikafyekwa, na watu wa milima iliyobanana wakaelekezwa kufungua mashamba mapya pande za Karatu. Babu aliondoka kwao na ng'ombe wachache kuliko aliorithi. Shamba alilopata lilikuwa faraja yake baada ya hasara. Hakuwahi kufikiri kwamba faraja hiyo ilikuwa na mwenyewe.

Naye bibi akasimulia ya kwake. Mwaka huo 56 alikuwa msichana, anachunga ndama karibu na Moru. Baadaye wazazi wake walihama na mifugo wakaja upande wa Ngorongoro, na mama yake hakuacha kuyataja maji ya Moru mpaka anakufa.

"Pole, mama," alisema babu.

"Asante, mzee. Sasa ongezeni sauti ya hiyo redio. Mjukuu wangu yuko jeshini, nasikia anapita na hao wanaopita."

Watu walicheka, mama akaongeza sauti, na bibi akasikiliza vishindo vya buti mpaka gwaride likaisha.

Mengi aliyojifunza mwandishi kuhusu sikukuu ya Uhuru yanaanzia kwenye mazungumzo hayo. La kwanza ni kwamba bibi hakuombwa ashukuru kwanza ndipo asikilizwe. Katika mikutano mingi ya hadhara Tanzania, mwananchi mwenye malalamiko hulazimika kupiga kona ndefu ya pongezi kabla ya kusema shamba lake limechukuliwa, na akiisahau kona hiyo huonekana mpinzani wa maendeleo. Bibi alisema la moyoni wimbo wa Taifa ulipokwisha tu, na hakuna aliyemtilia shaka uzalendo wake. Furaha ya mjukuu aliyevaa sare ya jeshi ilikuja baadaye, kwa hiari yake, na kwa sababu hiyo ilikuwa na uzito.

La pili linamhusu babu. Hakuona haya kwa ajili ya shamba lake, na wala hakulitetea. Mtu aliyenufaika na historia ana njia mbili rahisi: kukana kwamba kuna aliyeumia, au kujilaumu kwa sauti kubwa mpaka aliyeumia aanze kumbembeleza. Babu alisema pole, akasema na la kwake. Hesabu ikabaki mezani, kila mmoja akiiona.

Na ukiichimba hesabu ya ardhi hiyo utakuta kila tabaka lina wenyewe. Kabla ya Wamaasai, kreta ilikuwa ya Wadatoga, walioshindwa vitani katika karne ya 19 na kusukumwa kusini. Makaburi ya wazee wao yamo humo mpaka leo. Mwaka 1892 msafiri kutoka Ulaya, Oscar Baumann, alipofika kreta aliwakuta Wamaasai wakifa kwa njaa, ng'ombe wao wamemalizwa na sotoka. Miaka michache baadaye Wajerumani wawili, ndugu wa ukoo wa Siedentopf, walijenga mashamba ndani ya kreta kana kwamba haina mtu. Oldeani nako walowezi wa Kijerumani walipanda kahawa kwenye miteremko. Mtu anayetaka kusherehekea siku moja safi isiyo na jasho la mwingine hataipata Karatu wala Ngorongoro.

Uhuru wenyewe ulikuwa na faida ambazo ni utovu wa adabu kuzidharau. Nyerere alikuwa akikumbusha mara kwa mara kwamba wakati wa Uhuru watu wazima 85 kati ya 100 hawakujua kusoma, na madaktari wa Kiafrika nchini walikuwa 12. Mtoto wa mfugaji wa Monduli, Edward Moringe Sokoine, alifika kuwa Waziri Mkuu mara mbili kabla ya kufariki kwa ajali Aprili 12, 1984, na mpaka leo jina lake hutajwa kwa heshima kwenye maboma na mijini. Barabara ya lami kutoka Makuyuni hadi geti la Ngorongoro, iliyojengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000, imewafanya wajawazito wa Karatu wafike hospitali wakiwa hai. Waliosafiri njia ile wakati wa mvua kabla ya lami hawahitaji kuelezwa.

Lakini ni chini ya bendera hiyohiyo ambapo mwaka 1974 familia zilizokuwa zikiishi ndani ya kreta zilitolewa kwa nguvu. Mwaka uliofuata kilimo kilipigwa marufuku katika eneo zima la Ngorongoro. Mwaka 1992 Waziri Mkuu John Malecela aliruhusu bustani ndogo kwa sababu ya njaa, na mwaka 2009 marufuku ikarudi. Wakazi, waliokadiriwa kuwa takriban 8,000 mwaka 1959, sasa ni kama laki moja. Serikali inasema hifadhi imeelemewa. Wakazi wanasema waliahidiwa kwamba watu watatangulia. Kuanzia Juni 2022 familia zilianza kuhamishiwa Msomera, wilayani Handeni, kwenye nyumba za vyumba vitatu na mashamba. Wapo walioshukuru kupata hati, shule na umeme. Wapo waliokataa kuondoka, na wapo ambao ndugu zao wamegawanyika, nusu Msomera, nusu Ngorongoro.

Agosti 2024 mambo yalifika barabarani. Tangazo la Serikali la mwanzoni mwa mwezi huo lilifuta vijiji vya Ngorongoro kwenye orodha ya vijiji vilivyosajiliwa, na Agosti 18 maelfu ya wakazi walijaa kwenye barabara ya kreta wakiwa na majani mikononi, magari ya watalii yakasimama. Siku chache baadaye Mahakama Kuu Arusha ilisimamisha utekelezaji wa tangazo hilo. Desemba 1, 2024, siku nane kabla ya Uhuru, Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na wawakilishi wa Wamaasai Arusha na kutangaza tume mbili, moja ya kuchunguza mgogoro wa ardhi na nyingine ya kuangalia uhamaji wa hiari.

Karatu wakati huo ilikuwa kwenye pilika za kawaida za Desemba: mvua za vuli, tope jekundu kwenye magurudumu, wageni wa Krismasi wakianza kuingia. Madereva waliokwama kwenye msongamano wa Agosti walikuwa bado wanaizungumzia siku ile kijiweni. Mmoja alilalamika kwamba alipoteza wageni. Mwenzake, ambaye mke wake ni wa Nainokanoka, alimjibu kwamba wakwe zake walikuwa wamesimama barabarani hapohapo, na kwamba yeye alikuwa nyuma ya usukani akiwaona. Hakuwa na la kuchagua. Mkate wake na wakwe zake vilikuwa kwenye barabara moja.

Hali hiyo si ngeni kwa mwenye sikukuu yoyote yenye historia nzito. Zanzibar, Januari 12 ni Mapinduzi kwa wengi na ni siku ya kimya katika nyumba ambazo ndugu zao hawakurudi mwaka 1964. Marekani, familia zikila bata mzinga siku ya Shukrani ya Novemba, wenyeji wa asili wa nchi ile hukusanyika Plymouth, Massachusetts, kuomboleza mababu zao, na wamefanya hivyo tangu mwaka 1970. Siku moja hubeba meza mbili. Kinachotofautiana ni kama watu wa meza hizo wanajuana.

Watu wa eneo hili wana ujuzi wa kuyabeba yote mawili, na wana ujuzi huo kabla ya gwaride lolote. Wadatoga, mzee mwenye heshima akifariki, humjengea kaburi linaloitwa bung'eda. Kichuguu chake huinuliwa hatua kwa hatua kwa miezi, koo zikija kwa zamu, na kilele chake ni karamu kubwa yenye pombe ya asali, watu wakilia na kucheza kwenye uwanja mmoja. Hakuna anayewauliza kwa nini wanacheza msibani. Kwa Watanzania wengine, familia ikishazika huvunja matanga, na wenye uwezo huchapisha tangazo la shukrani gazetini: wanamtaja marehemu kwa jina na tarehe, kisha wanawashukuru madaktari, majirani, kwaya, hata waliochangia usafiri. Mpangilio wa tangazo hilo haubadiliki. Msiba hutajwa kwanza, shukrani hufuata, na shukrani isiyomtaja marehemu ingewashangaza wasomaji.

Serikali nayo imeonyesha kwamba Desemba 9 si jiwe. Mwaka 2015 Rais John Magufuli alifuta gwaride na kuwaambia watu washike mafagio wasafishe nchi. Mwaka 2022 fedha za sherehe zilielekezwa kujenga mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Mwaka 2025, baada ya vurugu na vifo vya uchaguzi wa Oktoba 29, sherehe zilifutwa, fedha zikaelekezwa kukarabati miundombinu iliyoharibiwa, na siku yenyewe watu wengi walibaki majumbani kama walivyoshauriwa. Nyumba nyingi nchini zilikuwa na msiba mbichi. Hakukuwa na saa iliyotengwa kuutaja.

Kimya cha namna hiyo kina gharama. Kinamwachia aliyefiwa mambo mawili tu: kuigiza furaha, au kuichukia siku nzima pamoja na mazuri yake. Bibi wa Endulen angeweza kufundishwa kuichukia Desemba 9, na sababu alikuwa nazo za kutosha. Alichofanya kilikuwa kigumu zaidi. Alidai Moru yake na mjukuu wake kwenye asubuhi moja, na watu wa nyumba ile walimruhusu. Miaka mingi baadaye, babu alipokuwa mgonjwa, wajukuu walimsikia akiwahimiza wasiseme tena kwamba Rhotia ilikuwa pori. Shamba halikugawanywa, wala bibi hakuliomba. Lakini historia ya shamba ilirekebishwa na mwenye shamba mwenyewe, nao watoto wa nyumba ile wameikuta ikiwa sahihi.

Hilo ndilo lililo katika uwezo wa watu wa kawaida wakati mahakama na wizara zikiendelea na kazi zao. Halichukui nafasi ya haki ya ardhi. Mtu aliyepoteza malisho hawezi kulisha ng'ombe kwa pole. Ila pale ambapo pole haijasemwa, hata uamuzi mzuri wa serikali hupokelewa kwa mashaka, kama ilivyoonekana kwa baadhi ya familia zilizopewa nyumba Msomera na bado zikahesabu siku za kurudi.

Basi kuna ombi kwa walimu, wachungaji, masheikh na wenyeviti wa vitongoji wa Karatu na Ngorongoro. Desemba 9 ijayo, kabla ya ngoma na hotuba, mpeni mzee mmoja kiti na kipaza sauti. Awe mtu aliyehamishwa Moru akiwa mtoto, au aliyetolewa kreta mwaka 1974, au Mwiraqw aliyeona ng'ombe wa baba yake wakipunguzwa kwa amri. Aseme alichopoteza, aseme na anachoshukuru, kwa mpangilio anaoutaka yeye, na asikatizwe. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 alipotolewa kreta mwaka 1974 alizaliwa mwaka wa Muungano, 1964. Watu hao bado wapo, wanapanda daladala za Karatu na kunywa chai kwenye mabanda ya mnada. Waulizwe wakiwa hai.